Sasisho Linalodai Nenosiri Kila Mara

Umeanzisha masasisho, ukaingiza nenosiri, ukaenda kupata chai. Unarudi, unakuta kazi imesimama katikati ikikungoja uingize nenosiri lile lile. Kompyuta haijasahau, muda wa ruhusa yako umekwisha.

Kwenye Linux na Mac, mlinzi wa ruhusa hiyo ni sudo, programu iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1980 hivi katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani. Ukishajitambulisha, sudo hukuamini kwa dakika 5 tu tangu ulipoitumia mara ya mwisho. Ubuntu na Debian wamezifanya 15. Tena hukuamini kwenye dirisha lile lile la terminali. Ukifungua jingine, utaulizwa upya. Skripti ya kusasisha huomba ruhusa mwanzoni, kisha hupakua mamia ya megabaiti. Intaneti ikiwa ya kusuasua, hadi ifike hatua ya kusakinisha, dakika 15 zimeshapita.

Kero hii naichukulia kwa uzito kwa sababu moja: mtu anayeulizwa nenosiri kila wakati huacha kusoma anaulizwa na nani. Anaandika tu ili kazi iendelee. Siku programu hasidi ikimletea kisanduku kinachofanana na kile alichokizoea, atakijaza vilevile.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuliambia faili la sudoers, lenye kanuni za nani anaruhusiwa nini na sudo, lisidai nenosiri kabisa kwa apt, amri ya kusasisha programu. Linaonekana jambo la busara, maana ruhusa ni ya kusasisha tu. Lakini apt ina chaguo la -o, na kupitia chaguo hilo unaweza kuiagiza iendeshe amri nyingine yoyote kabla ya kuanza kazi yake. Amri hiyo nayo itaendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa hiyo uliyemruhusu apt bila nenosiri umemkabidhi mashine nzima. Hali ni hiyo hiyo ukiiruhusu skripti iliyomo kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe: anaifungua, anaongeza mstari mmoja, basi.

Kwa maoni yangu, sasisho la kila siku halipaswi kumgoja mtu hata kidogo. Ubuntu ina unattended-upgrades, huduma inayoanzishwa na mfumo wenyewe ikiwa tayari na mamlaka ya root, hivyo hapana wa kuulizwa. Kwa kawaida hupangwa kuanza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, ikichelewa kidogo kwa makusudi ili kompyuta zote zisivamie seva za masasisho kwa pamoja. Ofisi inayozima mashine usiku haikosi kitu, kwani zamu iliyokosekana hufanyika kompyuta ikiwashwa. Ikiachwa ilivyo, hushughulikia zaidi masasisho ya usalama. Mengine unayaongeza kwenye faili la 50unattended-upgrades, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d. Yaliyofanyika yameandikwa kwenye folda ya /var/log/unattended-upgrades, na inafaa kuipitia mara moja moja.

Ikibidi karani aanzishe sasisho kwa mkono, mtengenezee skripti fupi katika /usr/local/sbin, mwenyewe akiwa root na asiwepo mwingine wa kuihariri. Kisha iruhusu hiyo peke yake:

karani ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/sasisha ""

Alama za nukuu tupu za mwisho zina kazi kubwa. Zinakataza kuongeza neno lolote baada ya jina la skripti. Zikikosekana, sudo itakubali chochote kitakachofuata. Mstari huu uandike kwa visudo, ambayo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, kwa kuwa kosa dogo la uandishi katika sudoers linaweza kuifanya sudo igome kabisa. Ukimaliza, ingia kama karani, andika sudo -l, uone ameruhusiwa nini hasa.

Wenye Mac wana njia nyepesi. Tangu macOS Sonoma ya mwaka 2023, faili la sudo_local ndani ya /etc/pam.d linakuwezesha kuiagiza sudo ipokee alama ya kidole, na mpangilio huo haufutwi mfumo unaposasishwa. Utaendelea kuulizwa, ila hutaandika nenosiri mbele za watu.