Wine: Ukalimani baina ya Mifumo Endeshi

Programu ya tarakilishi haijitoshelezi. Inapotaka kufungua faili au kuchora dirisha, huuomba mfumo endeshi uitekelezee kazi hiyo, nayo huomba kwa majina yanayofahamika na mfumo ule iliouandikiwa. Ndiyo sababu programu ya Windows hubaki bubu ndani ya Linux, ijapokuwa prosesa ni ile ile.

Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao umeongozwa na Alexandre Julliard tangu 1994, huliondoa tatizo hili kwa njia inayokaribiana na ukalimani. Jina lake lenyewe hukana kwamba ni kiigizi. Kiigizi huunda tarakilishi bandia na kufasiri amri za prosesa moja baada ya nyingine, kazi inayopunguza kasi mno. Wine huziacha amri hizo zipite jinsi zilivyo. Kinachofasiriwa ni maombi tu: likija ombi la Windows, hutimizwa kwa nyenzo za Linux.

Ugumu, kama ajuavyo kila mfasiri, umo katika yale yasiyoandikwa. Baadhi ya maombi hayo Microsoft haikuyaeleza hadharani, na zipo programu zinazotegemea hata makosa ya Windows. Wine ikiyasahihisha, programu hukwama. Basi hulazimika kuyaiga makosa yenyewe! Si ajabu kwamba toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2008, miaka 15 baada ya kazi kuanza. Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018 kwa ajili ya michezo ya tarakilishi, imejengwa juu ya msingi huo huo.