Spika Ndefu ya Televisheni: Je, Yafaa Kuinunua?



Leo tutazungumza habari ya kile kisanduku chembamba, kirefu kama upau wa paa, ambacho wenye maduka hapa mjini Morogoro hukiita saundibaa. Huwekwa chini ya televisheni ili kutoa sauti nzuri zaidi. Je, yafaa mtu atoe fedha zake, pengine faida ya kabichi za msimu mzima kule Mgeta, akinunue?

Tuujue ugonjwa kwanza, ndipo tuitazame dawa. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilikuwa na nafasi ya kutosha ndani, na mara nyingi spika zake zilimwelekea mtazamaji. Za siku hizi ni bapa kama ubao. Spika zake ni ndogo, na nyingi huelekea chini au nyuma. Basi sauti hutoka, hugonga meza au ukuta, ndipo ikufikie wewe. Na kama sebule yako ina kuta za saruji, sakafu tupu na bati lisilo na dari, sauti ile hurudi tena na tena kama mtu aitaye bondeni. Irabu zina nguvu, nazo husikika. Lakini konsonanti, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, hupotea. Mtangazaji asema “paka”, mzee asikia “pata” au “pasa”.

Wazee wetu wengi wa milimani walisikiliza redio miaka mingi kabla televisheni haijaanza huku bara mwaka 1994. Redio humwelekea msikilizaji, nayo waweza kuisogeza karibu na sikio. Sasa bibi aketi mbele ya picha nzuri, asifahamu habari. Wajukuu huongeza sauti, na kelele zaongezeka, maneno yasionekane. Mwisho bibi husema amechoka, akaenda zake kukaa jikoni peke yake. Mimi naona hilo ndilo jambo lenyewe, wala si mdundo wa muziki.

Kabla ya kwenda dukani, fanya jaribio hili. Chomeka visikilizio vya masikioni katika televisheni, kama ina tundu lake, umpe yule asiyesikia vizuri asikilize taarifa ya habari. Akiyasikia maneno vema, kosa ni la spika au la chumba, na saundibaa yaweza kusaidia. Asiposikia hata hapo, jaribu na mtu mwingine. Huyo naye akishindwa, sauti inaletwa mbovu tangu kituoni au katika king’amuzi. Lakini akisikia yeye, mpeleke mzee wako hospitali akatazamwe masikio. Huenda ni nta tu iliyoziba.

Tena, tazama ulicho nacho. Nyumba nyingi zina sabufa, ambayo hupendwa kwa muziki, na ni haki yake, maana gitaa zito la bendi za Morogoro, kama ile ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, halisikiki vema katika spika ndogo. Lakini mdundo mzito hufunika maneno. Iunganishe kwa waya na televisheni, punguza besi, kisha weka zile spika zake mbili ndogo kulia na kushoto kwa televisheni, ziwaelekee watu. Kwa kazi ya kusikia maneno, umeshafanya karibu yote ambayo saundibaa ingekufanyia, na fedha zako zimebaki mfukoni.

Kama huna sabufa, au sebule ni ndogo na hutaki waya nyingi, basi saundibaa yafaa. Illa usidanganywe na tarakimu za sandukuni. Utaona wati 1,000 au zaidi. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa yatumia wati 40 za umeme, haiwezi kutoa wati 1,000 za sauti mfululizo. Mfereji uingizao lita 40 kwa saa utatoaje lita 1,000 kwa saa? Isitoshe, wati mara mbili si sauti mara mbili. Zahitajika kama mara 10 ndipo sikio lione sauti imeongezeka maradufu.

Dukani, muuzaji atakupigia muziki. Mwombe akuwekee taarifa ya habari, sauti iwe ya chini, nawe usimame mbali kidogo. Ukiyafahamu maneno hapo, ni dalili njema. Tazama pia kama saundibaa na televisheni yako zote zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au tundu la waya wa mwanga. Kuunganisha kwa Bluetooth kwawezekana, lakini mara nyingine sauti huchelewa, midomo ikatangulia. Nyumbani usiifiche kabatini wala nyuma ya maua.

Na ninyi wa Kinole na Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru ambao hupata mvua nyingi kuliko wa magharibi, mwajua bati linavyolia wakati wa masika. Hakuna saundibaa ya kushindana na mvua ile. Kwenu ningeanza na dari, halafu mkeka mpana sakafuni na mapazia mazito. Vitu hivyo hupunguza mwangwi hata siku za jua.

Kazi ya kikundi chenu juma hili: pigeni makofi mara moja katikati ya sebule ya kila mmoja wenu, mkasikilize sauti inakawia kiasi gani kufa. Andikeni sebule ipi ina dari, ipi ina mkeka, ipi ni tupu, mje na karatasi hiyo katika somo lijalo.