Huria na bure katika kumbukumbu za vitabu

Neno *huria* hueleza jambo lisilofungwa na vizuizi, kama katika *soko huria* au *Chuo Kikuu Huria cha Tanzania*. Lisichanganywe na *bure*, linalohusu malipo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote aruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Programu ya bure yaweza kuwa na msimbo uliofichwa.

Tofauti hiyo huonekana maktabani. Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, ni programu huria ya kuorodhesha vitabu. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Open Library, nayo yenye msimbo huria, huwaruhusu wasomaji kuongeza taarifa za kitabu: mwandishi, mwaka, mada na mahali panapohusika.

Mfano ni *Tanzanian Doctor* (1977), kitabu cha Daktari Leader Stirling, aliyehudumu katika hospitali ya misheni ya Lulindi, Masasi, na baadaye akawa Waziri wa Afya. Kumbukumbu ikitaja nchi tu, mwanafunzi wa Masasi au Newala atakayetafuta “Lulindi” hatakipata, hata kama kitabu kipo rafuni.

Hivyo *msimbo huria* pekee hautoshi. Huhitajika pia *taarifa huria*, ili neno moja lililoongezwa na mwalimu wa Masasi lisomeke Dar es Salaam na London.