Silinda Ipi Imelala? Kasoro ya Moto katika Gari la Mtumba

Magari mengi tunayoyaona barabarani hapa Uganda yalianza maisha yake nchini Japani, yakavuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakafikishwa kwetu kwa barabara. Mwenye gari wa kwanza hatumjui, wala hatujui kama alikuwa akibadilisha oili kwa wakati wake. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari la miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini miaka 10 nayo si haba kwa nyaya, mipira na plastiki zilizo karibu na injini ya moto. Ndiyo sababu askari aliyekopa katika chama cha akiba, akakubali kukatwa mshahara kila mwezi, huweza kulifikisha gari nyumbani Jumamosi watoto wakalishangilia, na Jumatatu likaanza kutetemeka penye taa za barabarani kama mtu mwenye homa.

Kutetemeka huko mafundi wetu hukuita kumisi. Maana yake ni kwamba katika silinda moja au zaidi petroli na hewa zimeingia, lakini hazikuwaka, au ziliwaka vibaya. Injini ndogo za kawaida zina silinda nne, nazo aghalabu huwaka kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili. Ni kama askari wanne katika gwaride. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda hupaswa kuwaka mara 400 katika dakika hiyo. Mmoja akikosa mguu mara 400 kwa dakika, gwaride zima litayumba, na dereva atalihisi jambo hilo katika usukani na katika kiti.

Hapo ndipo pesa za familia huanza kupotea. Fundi mmoja atasema, "Injini imekwisha, tafuta nyingine." Wa pili ataagiza plagi leo, koili kesho, pampu ya petroli wiki ijayo, huku kila kitu kikinunuliwa kwa kubahatisha. Msomaji, usitoe hata shilingi moja kununua spea kabla hujajua ni silinda ipi iliyolala na kwa nini.

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Wekeni daftari dogo ndani ya gari, na yeyote anayeliendesha, awe baba anayekwenda kambini au mama anayewapeleka watoto shule, aandike gari lilimisi wakati gani. Likimisi siku za mvua au baada ya kuoshwa, umeme unavuja mahali palipopasuka. Likimisi linapopanda mlima na kutulia kwenye tambarare, yamkini petroli haifiki ya kutosha, au koili imechoka na haiwezi kazi nzito. Likitetemeka likiwa limesimama lakini likatulia unapokanyaga mafuta, huenda kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa isiyopimwa. Na likimisi asubuhi tu kwa dakika chache, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, gasketi ya silinda hedi itiliwe shaka mapema.

Baada ya hapo hutafutwa silinda yenyewe. Injini ikinguruma polepole, fundi huchomoa soketi ya nozeli ya petroli ya silinda moja, husikiliza, huirudisha, kisha huenda kwa inayofuata. Akizima silinda iliyo nzima, injini hudhoofika papo hapo. Akizima moja na injini isijali, huyo ndiye mvivu. Wengine huchomoa soketi ya koili, na jibu ni lile lile, ila petroli huendelea kuingia bila kuwaka, kwa hiyo wafanye upesi. Koili yenyewe isinyanyuliwe injini ikiwaka, maana umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Kuna pia kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kikionyesha P0302, maana yake silinda ya pili. P0304, ya nne. Katika Toyota nyingi za silinda nne, hesabu huanzia upande wa mkanda. P0300 husema kwamba silinda zinakosa moto bila mpangilio, na hapo macho yaelekezwe kwenye vitu vinavyozihudumia zote, kama vile petroli, pampu na njia ya hewa. Lakini kifaa hicho hutaja silinda tu, hakitaji spea ya kununua. Fundi anayesoma namba na kukutuma dukani moja kwa moja hajamaliza kazi yake.

Tuseme sajini ana Toyota yenye koili nne, na aliyelala ni silinda ya pili. Koili ya pili ihamishiwe silinda ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Plagi ya pili ipelekwe silinda ya nne, na ya nne ije ya pili. Kisha gari liendeshwe. Kasoro ikihamia silinda ya tatu, koili ni mbovu. Ikihamia ya nne, plagi ndiyo yenye makosa. Ikibaki pale pale, vyote viwili havina hatia, na sasa itazamwe nozeli, soketi na nyaya zake (panya hupenda nyaya za gari lililokaa muda mrefu), kisha injini yenyewe. Jaribio hili halina gharama, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko mashine nyingi za gereji.

Plagi ikiwa mkononi, itazamwe vizuri. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni afya njema. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi. Iliyolowa petroli haikupata moto. Yenye oili inaeleza kwamba ringi za pistoni au mipira ya valvu imechoka.

Mgandamizo wa hewa hupimwa mwishoni. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, fundi hutia kijiko kidogo cha oili ndani yake na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika; kisipopanda, tazameni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Hapo tu ndipo maneno ya kufungua injini yana haki ya kusikilizwa.

Jambo moja halingoji siku ya mapumziko. Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Petroli isiyowaka inaingia katika ekzosi na kuchemsha kisafisha moshi mpaka kiyeyuke ndani, na kifaa hicho ni ghali kuliko koili zote nne. Petroli hiyo hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, afike kwa muuzaji asubuhi na aguse boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, injini imeshawashwa ili kuficha kitu, basi arudi siku nyingine. Anapofungua swichi, kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake, na injini ikishawaka, izime. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa makusudi. Ikizima vizuri lakini saa ya redio imerudi mwanzo, betri ilichomolewa karibuni na kumbukumbu ya kompyuta huenda imefutwa. Aombe kuliendesha gari kwa muda wa kutosha, mlima ukiwemo, kabla ya kuhesabu pesa.