Sakafu ya Bibi na Mashine ya Msasa

Mvua ilipopenya paa la nyumba yetu ya Mji wa Kale, sakafu ya mvule aliyotuachia marehemu bibi iliingia madoa na mikwaruzo. Fundi alitushauri tukodi mashine kubwa ya msasa, yenye silinda inayozunguka, ili kazi iishe kwa siku moja. Tulikaribia kukubali.

Kwanza tulipima unene wa mbao, tukaona zimekwisha kulika, na misumari imo karibu mno na uso. Silinda hufaa mbao nene na mkono uliozoea. Ikisimama mahali pamoja hata kidogo, huchimba shimo. Kwa hiyo tulichagua mashine bapa inayotetema: ni ya taratibu, lakini haichimbi. Tuliizamisha misumari isije ikararua msasa, tukaanza na namba 60, kisha 80, tukamalizia na 120. Pembeni tulisugua kwa mkono, tukifuata mkondo wa mbao.

Vumbi la mvule huwasha macho na kifua. Hivyo watoto, na shangazi yetu mwenye pumu, walihamia kwa jirani. Penye rangi ya zamani msasa mkavu usipite kabla ya kupimwa, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto.

Kazi ilichukua siku nne. Karibu na dirisha pamebaki alama hafifu ya mguu wa kitanda cha bibi. Hiyo tumeiacha.