Kura ya Shilingi Elfu Tatu



Katika ajenda ya Mkutano Mkuu wetu wa mwaka huu limo pendekezo moja ambalo limekwisha kuzungumzwa sana barazani na vituoni kabla halijafika mezani. Pendekezo lenyewe lataka kura ya mwanachama ihesabiwe kwa mikarafuu yake: mwenye mikarafuu hamsini awe na kura moja, mwenye mia awe na kura mbili, na kuendelea hivyo. Aliye chini ya hamsini ataruhusiwa kuhudhuria na kusema, lakini hatapiga kura.

Waliolileta ni wenzetu, na hoja yao si ya kubezwa. Wao wasema kwamba bei ikianguka, mwenye shamba kubwa ndiye apatwaye na hasara kubwa. Basi haifai mtu wa mikarafuu saba amshinde kwa wingi wa mikono tu. Tumelipokea neno lao na tumeliandika katika ajenda kama walivyolileta. Lakini kabla ya siku ya mkutano, twaona yafaa tuwavushe wasomaji wetu bahari hadi Gairo, bara, kwa sababu huko nako kura iliwahi kupimwa kwa mali, na mtu aliyegombea kiti kwa kudai jamii ya haki alilazimika kuzipata kura zake katika mizani hiyo hiyo.

Gairo haina mikarafuu. Wakulima wa karafuu wa Mkoa wa Morogoro wako upande wa mashariki, katika miteremko ya Milima ya Uluguru, huko Matombo na Kinole. Gairo yenyewe iko upande wa pili, kama kilomita 130 magharibi ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Ni nchi ya Wakaguru, yenye upepo wa baridi, mahindi na maharage. Tangu 2012 imekuwa wilaya kamili. Katika 1958 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa, na Kilosa ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki pamoja na Morogoro, Bagamoyo na Rufiji.

Mwaka huo Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa nchi nzima wa kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheria ya Serikali ya Kiingereza ilisema kwamba mpiga kura awe ametimia miaka 21, na juu ya hayo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa katika sheria. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Tena kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Akikosa kumchagua mmoja, kura yake yote ilikuwa bure. Ndiyo maana wazee wakauita uchaguzi wa Kura Tatu.

Sasa na tumfikirie mkulima wa Gairo wa siku zile. Analima kwa jembe la mkono, anauza debe chache za mahindi, analipa kodi na anasomesha mtoto mmoja. Shilingi 3,000 kwa mwaka asingeziona. Darasa la nane hakulifika, kwa kuwa shule za kufika huko zilikuwa haba. Mkewe alikuwa mbali zaidi na sifa hizo. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, walioandikishwa kupiga kura hawakufika 60,000. Waliobaki walikuwa kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa asimame nje ya ua asikilize ngoma.

Wala tusidhani kwamba sisi wa visiwani tulikuwa na hali njema zaidi. Katika uchaguzi wetu wa kwanza wa Julai 1957 waliopiga kura ni wanaume tu, nao kwa masharti ya umri, elimu au mali. Bibi aliyekaa juu ya jamvi tangu alasiri mpaka usiku akichambua karafuu na makonyo hakuwa na kura mpaka Januari 1961.

Sheria ya namna ile ilimtia mgombea wa haki katika shida kubwa. Akikataa kusimama, kiti atakichukua mwingine. Akikubali, amekubali kuchaguliwa na wachache ili awasemee wengi waliozuiliwa. TANU ililijadili jambo hili katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, na mabishano yalikuwa makali. Waliosema wasusie walikuwa na hoja ya kweli, kwamba kushiriki ni kuipa dhuluma baraka. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa chama, ambaye Desemba 1957 alikuwa amejiuzulu kiti cha kuteuliwa katika Baraza lile lile, alishika upande wa kushiriki, na mkutano ukamfuata. Hata leo uamuzi huo huitwa Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika. Akatoka, akaunda chama chake cha African National Congress.

Mwalimu mwenyewe alisimama katika Jimbo la Mashariki, na hivyo akawa mgombea wa watu wa Gairo pia. Lakini kabla ya siku ya kura alifikishwa mahakamani kwa ajili ya makala katika jarida la Sauti ya TANU iliyowashutumu maofisa wa serikali wa wilaya. Agosti 1958 mahakama ilimtia hatiani, ikamwambia alipe pauni 150 au aende jela miezi sita. Faini ililipwa. Msomaji na atazame hesabu hiyo: pauni 150, shilingi 3,000. Fedha ile ile iliyotakiwa kwa mwaka mzima ili mtu astahili kura ndiyo iliyotakiwa siku moja ili mgombea asiende gerezani. Hatudai kwamba kuna mtu aliyeyapanga mambo hayo mawili yalingane. Lakini mkulima aliyeyasikia yote mawili hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwamba katika nchi yake haki ilikuwa na bei, na bei hiyo hakuwa nayo mfukoni.

Aliyeshindana naye hakuwa adui wa watu. Alikuwa Bwana Patrick Kunambi, Mluguru, naye ni mmoja wa wale 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Mtu mwenye nchi na jamaa, katika jimbo ambalo Mwalimu, mzaliwa wa Butiama mbali kwenye Ziwa, alikuwa mgeni. Kwa desturi tungesema kura za Morogoro zingekwenda kwa mwana wa Morogoro.

Hazikwenda. Mwalimu alipata kura kama 2,600, na Bwana Kunambi kama 800. Jumla yake ni kama 3,400 katika jimbo lililoanzia pwani likafika karibu na mpaka wa Dodoma. Waliopiga kura hizo ni watu wenye kipato, wenye elimu na wenye kazi. Wengi wa wakulima wa jembe hawakuwamo. Na wakulima hao hawakukosa la kusema. Miaka mitatu tu nyuma, katika 1955, Uluguru ilizuka ghasia juu ya matuta ya ngazi, ambayo serikali iliwalazimisha watu kuyachimba milimani. Mpango ule ulikuwa na wataalamu wake na sababu zake za kuhifadhi udongo, lakini wachimbaji hawakuulizwa, na hawakuwa na mtu barazani wa kuwaulizia. Baada ya ghasia ukaachwa. Gharama, kazi na udongo vyote vikapotea, kwa sababu ya kukosa kuuliza mapema.

Hapa ndipo penye fundisho letu la kwanza. Wale wachache wenye kura wa 1958 walimchagua mtu aliyesema waziwazi kwamba kura isiwe yao peke yao. Mwenye sifa aliitumia sifa yake kumfungulia mlango asiye nayo. Katika uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa. Novemba 1962, nchi ilipomchagua Rais wake wa kwanza, waliopiga kura walizidi 1,100,000. Mkulima wa Gairo na mkewe wakaingia ndani ya ua.

Je, walipoingia, waliwameza wakubwa na wachache? Hilo ndilo hofu ya wenzetu wenye mashamba makubwa, na ni hofu ya kuheshimiwa. Basi tutazame Morogoro tena, mara hii katika 1965. Mwaka huo karibu kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja kwa alama ya jembe na wa pili kwa alama ya nyumba. Bwana Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, alisimama Morogoro akipambana na Mwafrika. Wapiga kura walikuwa Waafrika karibu wote, na sasa hapakuwa na kiti kilichotengwa kwa ajili ya Waasia. Walimchagua Jamal. Katika uchaguzi huo huo Bwana Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa kwao Mwanza, na Bibi Titi Mohamed, aliyewaamsha wanawake wa nchi nzima na kuwa mbunge wa Rufiji tangu 1960, alikipoteza kiti chake. Watu wadogo walipopewa kura hawakuitumia kuangalia rangi wala ukubwa wa mtu. Walimwangalia mtu na kazi yake, wakamwacha waliyetaka kumwacha, hata kama ni mkubwa, na wakamshika waliyetaka kumshika, hata kama kabila lake ni dogo.

Haitufai, hata hivyo, kuieleza habari hii kama kwamba iliishia kwenye neema tupu. Wapiga kura wa 1965 walichagua mtu, lakini chama kilikuwa kimoja, na hali hiyo iliendelea mpaka vyama vingi viliporuhusiwa katika 1992. Katika 1976 serikali ile ile, chini ya kiongozi yule yule aliyewadai wakulima kura, ilivifuta vyama vikuu vya ushirika vya bara, na wakulima hawakuvirudisha kisheria ila baada ya 1982. Fundisho la pili, basi, ni kwamba haki ya kura haimalizi kazi. Mgombea mwema wa jana aweza kuwa mtawala mzito kesho, na mkulima aliyelala kwa kumwamini ataamka chama chake hakipo. Kura yataka kulindwa kila mwaka, kama shamba lisilopaliliwa linavyorudi kuwa msitu.

Turudi kwetu. Twaona katika pendekezo hili mambo mawili yamechanganywa, nayo yatenganishwe kama karafuu na makonyo. La kwanza ni malipo. Hapo mizani ndiyo hakimu: aliyeleta magunia kumi alipwe magunia kumi, na aliyeleta pishi tatu alipwe pishi tatu. Hakuna mwanachama anayetaka vingine, na anayetaka atakuwa anadai cha mwenzake. La pili ni sauti. Hapo apimwaye ni mtu. Mwenye mikarafuu elfu moja bei ikianguka hupunguza faida; mwenye mikarafuu saba bei ikianguka humtoa mtoto shule. Nani awezaye kusema kwamba hasara ya pili ni ndogo?

Tena tukikubali mpaka wa mikarafuu hamsini, yatupasa tujue nani atakayebaki nje. Atabaki mjane aliyerithi fungu lake katika shamba lililogawanywa. Atabaki kijana aliyepanda miche miaka miwili iliyopita, ambayo haitazaa mpaka ipite miaka kadhaa. Atabaki mzee ambaye mikarafuu yake imekufa kwa uzee na anasubiri kupanda mingine. Hao ndio tunaowataka waupande upya mkarafuu katika kisiwa hiki. Hatuwezi kuwaambia wapande leo kwa ajili ya chama ambacho kitawauliza rai yao baada ya miaka kumi.

Kwa wenzetu wenye mashamba makubwa tunalo neno la kuwatuliza. Hofu yao ya maamuzi ya haraka inaweza kuondolewa bila ya kumnyang'anya mtu kura. Mkutano waweza kuweka sharti kwamba jambo lolote la kukopa fedha au kuuza mali ya chama lipite kwa theluthi mbili, na kwamba hesabu zisomwe wazi siku saba kabla. Kinga ya namna hiyo humlinda mkubwa na mdogo kwa pamoja. Tutaiwasilisha mkutanoni kama nyongeza, na wanachama wataamua.

Kura ya kuamua pendekezo hili itapigwa kwa kanuni tuliyo nayo hivi sasa, kila mwanachama na kura yake moja. Kwa hiyo mwenye mikarafuu saba asikae nyumbani akangoja kuletewa habari. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Aje na kadi yake ya uanachama, na ada yake awe ameilipa, maana kwa katiba yetu asiyelipa ada hapigi kura, awe mkubwa au mdogo.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati