Kiweko cha Eropleni Ndogo

Kitu kirukacho hakina mguu wa kusimamia. Tai akiwa angani hubebwa na upepo ulio chini ya mabawa yake, na eropleni vile vile. Lakini mfano wa eropleni uliochongwa kwa mti hauruki. Ukiuweka mezani hulala kwa tumbo, wala haufanani tena na kitu cha angani. Kwa hiyo mchongaji hana budi kuutengenezea kiweko, yaani kitu cha kuushikilia juu, ili mtu autazamaye aone kana kwamba unaruka.

Wengine hudhani ya kuwa kiweko ni kazi ndogo tu ya kumalizia. Sivyo. Katika mwaka 1901 ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani, walitaka kujua ni bawa la umbo gani libebwalo vema na upepo. Wakatengeneza sanduku lenye urefu wa futi 6, wakapitisha upepo ndani yake, na humo wakajaribu vibawa vidogo vya bati. Lakini kibawa hakiwezi kukaa hewani peke yake. Walihitaji kitu cha kukishika bila kuuzuia upepo, tena cha kuonyesha nguvu zake. Wakaunda mizani kwa waya wa spoki za baiskeli na vipande vya misumeno ya kukatia chuma. Waliyojifunza hapo yaliwasaidia kuunda eropleni yao, na tarehe 17 Desemba 1903 iliruka mara ya kwanza kwa sekunde 12, ikaenda futi 120.

Sasa tuseme mwanafunzi amechonga eropleni kwa muda wa miezi miwili. Mabawa ameyapiga msasa mpaka yamekuwa laini, na rangi ameipaka mara tatu. Kesho wazazi watakuja kutazama kazi za mikono. Jioni hiyo anachukua kibao chembamba, anapigilia msumari, anabandika eropleni juu yake kwa gundi, na kwenda zake. Usiku mlango unafunguka kwa upepo, meza inatikisika, na asubuhi bawa moja liko sakafuni. Kazi ya miezi miwili imepotea kwa ajili ya kazi ya dakika tano. Kwa nini imeanguka? Tutazame.

Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekutana. Ili kupajua, weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa ya eropleni, kidole kimoja kila upande, na kuvisogeza mbele na nyuma polepole. Pua ikiinama, vidole viko nyuma mno. Mkia ukiinama, viko mbele mno. Eropleni ikitulia sawasawa, tia alama ya kalamu hapo. Alama hiyo ndiyo itakayokuongoza katika kazi yote.

Kiweko hakianguki maadamu uzito huo uko juu ya kitako chake. Ukipita ukingo wa kitako, hupinduka. Basi yafaa kitako kiwe kipana. Lakini upana peke yake hautoshi, kwa maana kadiri uzito ulivyo juu, ndivyo unavyoweza kupita ukingo kwa kutikiswa kidogo tu. Fanya hesabu hii. Eropleni ina uzito wa wakia 2, nayo iko inchi 8 juu ya meza. Kitako kikiwa na wakia 2 pia, uzito wa vyote viwili utakutana nusu ya njia, yaani inchi 4 juu. Lakini kitako kikiwa na wakia 6, uzito wote utakutana inchi 2 tu juu ya meza. Eropleni ni ile ile, na urefu wa waya ni ule ule, lakini kiweko cha pili ni kigumu zaidi kupinduka.

Basi chukua kipande cha mti mzito, kama mninga, chenye upana wa inchi 4 na unene wa inchi 1. Chini yake chimba vishimo kwa patasi, ujaze nati kuukuu za chuma, na kuzishika kwa gundi. Usitumie risasi, kwa maana vumbi lake ni sumu.

Kisha tafuta spoki ya baiskeli. Ni nyembamba, haipindi ovyo, wala haionekani sana. Toboa kitako katikati kwa keekee, tundu lienee spoki barabara. Kata spoki kwa urefu utakao, pinda ncha yake ya chini kwa koleo, na kuipenyeza kutoka chini. Ncha iliyopindwa ilaze katika mfereji mdogo uliochonga chini ya kitako. Usipofanya hivyo, spoki itazunguka na eropleni itageuka huku na huku. Mwisho bandika kitambaa chini ya kitako, kisiteleze.

Eropleni nayo itobolewe tumboni, penye alama yako, kwa kina cha nusu inchi. Gundi iliyopakwa juu tu haifai. Spoki iingie ndani ya mti. Ikiwa mahali pa alama hapatoboki, toboa karibu yake, kisha pinda spoki hata alama iwe juu ya katikati ya kitako. Ili kuhakikisha, tumia timazi: funga kijiwe kwa uzi, shika uzi kando ya alama, na utazame kijiwe kinaelekea wapi.

Iliyobaki ni kuipa eropleni mwendo. Eropleni inayopanda huinua pua. Inayozunguka kwenda kushoto huinamisha bawa la kushoto. Pinda spoki kidogo kidogo kwa koleo mpaka uone mwendo huo, kisha pima tena kwa timazi. Spoki ing'aayo huvuta macho, kwa hiyo ipake rangi ya kijivu isiyong'aa.

Kabla ya kubandika kwa gundi, tikisa meza kwa mkono. Ikiwa eropleni inatikisika na kutulia tena, kazi yako ni njema. Watu watakapokuja wataisifu eropleni, wala hawatataja kiweko. Usihuzunike kwa hayo. Kiweko kilichotengenezwa vema husahauliwa na watazamaji. Kile kibaya ndicho kinachokumbukwa siku zote.

MASWALI

1. Ndugu Wright walitumia vitu gani kushikia vibawa vyao?
2. Kwa nini kitako kizito ni bora kuliko kitako chepesi?
3. Eropleni ina wakia 3, nayo iko inchi 8 juu ya meza. Kitako kina wakia 9. Uzito wote unakutana inchi ngapi juu ya meza?
4. Kwa nini ncha ya spoki hupindwa chini ya kitako?